Bastola Aliyonitengenezea Royce

Mume wangu Royce hajawahi kununua kitu kikabaki kama alivyokinunua. Mashine ya kukata nyasi kaibadilisha injini. Kitanda chetu kakiongezea vyuma hadi hakihamishiki. Kibaniko cha mkate kakifungua na kukifunga mara nyingi mpaka sasa kinaunguza upande mmoja na mwingine kinauacha mbichi. Kwa hiyo aliponiletea boksi siku ya kukumbuka ndoa yetu akaniambia ni bastola, nilijua kabla sijafungua kwamba hiyo si bastola, ni mradi.

"Yenyewe ya bei rahisi kabisa," alisema, huku anachekelea kama mtoto. "Bei ya sufuria. Ila nimeifumua yote. Mtutu mpya, kifyatulio kipya, springi zote mpya. Na hiki cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, kitelezi, nimeagiza kilichochongwa matundu kama cha mashindano. Sasa hivi inazikimbiza za wenye pesa zao. Na ni yako, Taw."

Sikuwa nimeomba bastola. Nilikuwa nimeomba gari langu.

Gari langu dogo la kijani lilikuwa gereji, juu ya matofali, tangu theluji ilipoyeyuka. Injini imetolewa, imelazwa sakafuni, imefunikwa shuka kuukuu kama maiti. Lilikuwa linatembea vizuri tu. Royce alidai kusikia mlio, mlio ambao mimi niliyekuwa naliendesha kila siku sikuusikia, akasema ataliangalia wikendi moja. Tangu hapo nilikuwa nakwenda anakonipeleka na kurudi anaponifuata: kazini kwenye jiko la shule, dukani, kanisani, hata saluni alikuwa ananingoja nje ndani ya pikapu akila karanga. Na ukiniuliza ubaya wake uko wapi, utaniona mimi ndiye mwenye kasoro. Hanipigi. Hanitukani. Pombe haigusi. Ananipenda, mji mzima wa Pilkey unajua ananipenda, na mimi nilikuwa sipumui.

Nilikuwa nimepata kazi mjini St. Louis, kwa daktari wa meno. Mafunzo nilisomea kwenye simu, nimejifungia bafuni, nimefungua bomba ili maji yafunike sauti ya mwalimu. Rafiki yangu Coretta, tuliyesoma naye, alikuwa aje na gari lake Jumapili anichukue. Siku ninayoisimulia ni Jumamosi, siku moja kabla. Ilibidi nimwambie Royce siku hiyo, kwa mdomo wangu, ana kwa ana. Ningeondoka kimyakimya angenifuata, na nikimwona amesimama mlangoni na kofia mkononi ningerudi naye. Nisingeondoka kabisa, basi ningekaa pale mpaka wanizike. Najijua.

Nikachagua kumwambia uwanja wa shabaha. Mtacheka, lakini nilikuwa na hesabu zangu. Nyumbani Royce hasikilizi; ukianza jambo zito anachukua bisibisi. Uwanjani anatii. Akiambiwa acha, anaacha. Akiambiwa rudi nyuma ya mstari, anarudi. Ndiyo sehemu pekee duniani niliyowahi kumwona akiambiwa kitu na akakifanya bila kukiboresha.

Tulifika asubuhi, baridi ya kukatika masikio. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa wiki inayofuata, kwa hiyo kila mwanamume wa kaunti alikuwa pale na bunduki yake akirekebisha shabaha. Shemeji yangu Delbert, mdogo wake Royce, alikuwa ameleta sufuria ya umeme ya maharage na nyama ya kulungu ya mwaka jana, ameichomeka kwenye waya wa umeme wa kilabu chetu cha shabaha kama kawaida yake. Mzee Gaylon alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, bunduki mapajani imefunguliwa, kahawa mkononi, kazi yake kubwa ikiwa ni kuwatazama wengine wakikosa.

Msimamizi wa uwanja alikuwa Bi. Opal Stamper. Ni mjane, mwembamba, ana fulana ya rangi ya chungwa na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

"Wewe Tawnya!" alinipokea. "Leo umetoka? Nilidhani Royce amekufunga na wewe juu ya matofali."

Watu wakacheka. Royce naye akacheka. Mimi nilicheka shingo upande.

"Nimemletea mke wangu aonje kazi ya mikono yangu," Royce alisema, akaifungua kesi mezani kama muuza vito. "Angalia hii, Opal."

Opal aliishika, akaigeuza, akaitazama ndani. "Na maskini ilitoka kiwandani ikiwa nzima," alisema.

"Imeboreshwa!"

"Ndivyo alivyoniambia yule aliyemkata nywele binti yangu."

Nitaje hapa habari ya masikio, maana ndiyo iliyoniponza. Duka la vifaa vya uwindaji la mjini lilikuwa limepunguza bei ya vile vifuniko vya masikio vya betri, vinavyomeza mlio wa risasi lakini vinakuza sauti ndogondogo, na kilabu kizima kikanunua. Delbert alikuwa anajisifu kwamba akivivaa anamsikia kindi akimeza. Vyangu mimi Royce alikuwa amevichukua avifanyie marekebisho. Nilikuwa nimevaa vile vya zamani vya sponji, vinavyoziba kila kitu, mtu akikusemesha unaona mdomo tu unacheza.

Opal akapiga kelele kwamba uwanja uko wazi. Nikasimama kwenye meza yangu, Royce nyuma ya bega langu la kulia, tuta la udongo mbele yetu na karatasi ya shabaha imebanwa kwenye fremu. Nikalenga. Nikagusa kifyatulio, nasema nikagusa tu, sikuvuta, na risasi zikatoka mbili.

Nilifyatua mara moja. Zikatoka mbili, pa-pa, na ya pili ilitoka mtutu ukiwa tayari unapanda juu. Niliondoa kidole nikakinyoosha pembeni kama tulivyofundishwa, na Opal akawa keshafika; nikainua sponji moja nimsikie.

"Nani amepiga mbili?"

"Kifyatulio chepesi," Royce alisema. "Cha mashindano hicho. Na springi bado changa, zinazoeana."

"Springi hazizoeani, Royce, si maharusi. Kuna kitu ndani hakishiki, kinateleza."

"Itakaa sawa. Aweke nyingine."

"Mimi sitaki," nilisema.

"Moja tu, Taw. Nimeamka usiku wiki nzima kwa ajili ya hii."

Opal alinitazama. Ningesema hapana kwa nguvu angeifunga bastola ile kwenye kesi na mambo yangeishia pale. Lakini ndiyo hivyo tena, wiki nzima ameamka usiku. Hicho ndicho kitu cha Royce: hakukatazi, anakuchosha kwa wema.

"Moja, basi," Opal akasema. "Risasi moja peke yake ndani. Ikifanya uhuni tena inaenda nyumbani."

Royce akachomoa risasi kutoka kwenye mfuko wake wa shati. Zilikuwa zake za kutengeneza mwenyewe, maana na risasi pia hanunui zikabaki kama zilivyo; anaokota maganda, anajaza baruti, anabana kichwa kipya kwa mashine iliyofungwa kwenye meza yetu ya kulia. Nikarudisha sponji sikioni, nikaiweka risasi, nikavuta kitelezi, nikakiachia. Kikaenda mbele, kikasimama kabla ya kufunga. Pengo la upana wa kucha. Nikajaribu kukivuta nyuma. Hakikuja. Nikavuta tena mpaka vidole vikaniuma. Kilikuwa kimekufa pale pale, na risasi ndani.

"Royce," nilisema, "imekwama."

Opal hakungoja jibu lake. "Acheni kupiga! Acheni kupiga wote! Fungueni bunduki, wekeni chini, rudini nyuma ya mstari wa njano!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Wanaume wakaacha bunduki zao mezani na kurudi nyuma, kama taratibu zinavyotaka, na wakabaki wamesimama pale nyuma yetu mikono mifukoni wakinitazama mimi. Nikainamisha mikono ili niiweke bastola mezani.

"Usiiweke chini!" Opal alikuja karibu, sasa anazungumza pole pole, nikalazimika kusukuma sponji moja nyuma ya sikio ili nimsikie. "Tawnya, mwanangu, sikiliza. Hiyo ina risasi ndani, haifunguki, na tumeshaona haijishiki. Ukiigonga mezani inaweza kujifyatua, na ikijifyatua hakuna mkono unaoishika, itaruka na kugeukia inakotaka. Kaa hivyo hivyo. Mtutu kwenye tuta. Kidole mbali. Usigeuke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue tunafanyaje."

Basi nikakaa hivyo hivyo. Mikono miwili mbele, bastola imeelekea kwenye tuta, miguu imeganda. Sikuweza kugeuka, sikuweza kukaa, sikuweza kujikuna pua. Royce akasogea nyuma yangu, kifua chake karibu kugusa mgongo wangu, akachungulia juu ya bega.

Delbert akapaza sauti kutoka mstarini. "Kaka! Hizo risasi zako umezidondosha kwenye mtutu mpya kwanza?"

Hilo ni jambo ambalo kila mtu wa pale anayejitengenezea risasi hulifanya hata akiwa na homa. Unatoa mtutu, unadondosha risasi ndani kwa mkono, inalia tok, unageuza, inaanguka. Isipoanguka, ni ndefu mno kwa mtutu huo, itakwama.

"Nilizipima," Royce alisema.

"Kwa mtutu upi?"

Nilisikia Royce akipapasa mfuko wake wa shati.

"Kwa mtutu wa zamani!" Mzee Gaylon alishangilia. "Mungu wangu, kabadilisha mtutu na kapima kwa ule aliotupa! Nitasimulia hii hadi Pasaka."

Nilisikia pumzi ya Royce ikibadilika. Hapendi kuchekwa kwa kazi yake. Akanishika kiuno kwa mkono mmoja, kwa upole, akainama karibu na sikio langu. "Usiogope, mke wangu. Kitu kidogo hicho. Nitaitengeneza."

Na hapo ndipo kitu kikanikatika. Sikupanga iwe vile. Nilikuwa nimepanga tungekaa kwenye pikapu, na kahawa, nimshike mkono. Lakini kusikia neno lile, nitaitengeneza, huku nimefungwa mikono mbele kama mfungwa na yeye amenikaba nyuma, niliona kwamba maisha yangu yote yalikuwa hivi, na kama sisemi sasa nitasema lini. Nikapiga moyo konde.

"Royce, naondoka," nikamwambia, kwa sauti ya chini. "Nimepata kazi St. Louis. Coretta anakuja kesho kunichukua. Naondoka peke yangu, na sirudi."

Mkono wake ukaganda kiunoni mwangu. Nyuma yetu kukawa kimya cha ajabu, hata buti moja haikusogea kwenye changarawe. Delbert alikuwa anacheka na Gaylon, kicheko kikakatika katikati.

"Tawnya, mama," Opal alisema, anatazama viatu vyake. "Hivi vitu tulivyovaa masikioni vinasikia hadi siafu."

Uso uliniwaka moto. Wanaume kama ishirini, nusu yao nasali nao. Ningekuwa na uwezo wa kukimbia ningekimbia mpaka Arkansas, lakini nilikuwa siwezi hata kugeuza shingo. Basi haya. Kama kuvuliwa nguo nimeshavuliwa.

"Vizuri," nikasema kwa sauti ya kawaida. "Mmesikia wote, sitalazimika kurudia."

"Kuna mwanamume?" Royce aliuliza.

"Hakuna."

"Basi nani anakusubiri huko?"

"Hakuna mtu anayenisubiri, Royce. Huo ndio uzuri wake."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Royce akaondoa mkono kiunoni mwangu, akaurudisha, akauondoa tena.

"Tutazungumza nyumbani," alisema.

"Nyumbani utashika bisibisi."

"Ni lile gari, sivyo? Una hasira na gari. Nalimaliza wiki hii, Taw, naapa, kimebaki kipande kimoja kiko njiani kinakuja."

"Lilikuwa zima."

"Lilikuwa na mlio!"

"Kaka," Delbert akasema, na hakuwa anatania tena. "Mimi niliazima lile gari wiki ile ile kwenda kwa mama. Halikuwa na kitu."

Nilitamani kumwona Royce usoni. Nilikuwa naliona tuta tu, udongo mwekundu uliolowa, na karatasi yangu ya shabaha yenye matundu mawili. Mikono ilikuwa imeanza kunitetemeka. Bastola ya bei rahisi ni nzito kama ya bei ghali ukiishika hivyo, na mtutu ulikuwa unacheza, unashuka, naupandisha, unashuka. Jasho jembamba lilikuwa linanitoka kwenye baridi ile. Niliogopa kwamba nitaidondosha, na niliogopa zaidi kwamba nikiidondosha nitapata sababu ya kusema samahani, na nikishasema samahani siku hiyo nimekwisha.

"Anachoka," Opal alisema. "Naichukua mimi."

"Hapana," Royce akasema. "Nitaichukua mimi. Niliitengeneza mimi."

Opal alisita. Lakini Royce ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wa kaunti kila kiangazi pale pale uwanjani. Kama kuna mikono ya kuaminiwa na silaha mbovu, ilikuwa yake. Opal akakubali kwa kichwa.

Royce akanizungushia mikono kutoka nyuma, akaweka viganja vyake juu ya vyangu. Vilikuwa na joto. Vilinukia mafuta ya bunduki na sabuni yetu ya nyumbani. Nisiwadanganye, pale nilitaka kubaki. Kwa muda ule mfupi nilitaka kila kitu nilichosema kisiwe kimesemwa, twende nyumbani tukale.

"Toa kidole kimoja kimoja," aliniambia taratibu, kwa sauti yake ya darasani. "Kidogo kwanza. Vizuri. Kinachofuata. Nimeishika. Nimeishika, Taw. Pita chini ya mkono wangu."

Nikainama, nikapita, nikarudi nyuma ya mstari wa njano. Mikono yangu ilikuwa miepesi hadi ilitaka kupanda yenyewe. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ameelekea kwenye tuta, asiyeweza kugeuka, na mimi nilikuwa nauona mgongo wake na koti lake la kazi lenye jina la kampuni ya mafriji.

"Bado uko hapo?" aliuliza.

"Nipo."

"Haya," Opal akasema, akimvisha glavu mkono wa kushoto. "Vuta nyuma, Royce. Kwa nguvu, mara moja, vuta nyuma. Usisukume mbele."

"Opal, hiyo naifundisha mimi."

Ni kweli alikuwa anaifundisha. Nilishamsikia akiwaambia watoto wa watu, nilishamsikia akijizoeza mbele ya kioo akinyoa ndevu: kitelezi kikigoma kufunga, kidole gumba hakiendi nyuma yake hata ukiwa na haraka ya kwenda kuzaliwa, kwa sababu bunduki ikifyatuka kinarudi nyuma na kidole hakitakuwa na pa kukimbilia. Watoto walikuwa wanacheka kwenye lile neno la kuzaliwa. Kila kiangazi.

Nilikuwa upande wake wa kushoto, nyuma kidogo. Nilikuwa naona vizuri. Mkono wa kulia umeshika mpini. Mkono wa kushoto ukapanda, ukakishika kitelezi kwa juu ili uvute. Ukakaa pale. Kisha ukakiachia. Royce akavua glavu kwa meno, akaitema. Halafu akaweka kidole gumba chake nyuma ya kitelezi, taratibu, kikakaa sawasawa, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango wa watu.

"Royce!" Opal alipiga kelele.

Akasukuma.

Mlio ulikuwa mmoja. Risasi iliingia kwenye tuta, udongo ukaruka, hakuna aliyeguswa nayo. Bastola ilibaki mkononi mwake, wazi, tupu, imetii hatimaye. Opal akaipokonya akaiweka mezani. Royce akashuka akakaa kwenye changarawe, mkono wa kushoto ameushika kifuani, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Ukucha haukuwepo. Mfupa ulikuwa unaonekana kwenye kiungo. Na yeye hakuutazama. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku kunitafuta mimi, na aliponiona alitulia.

"Shemeji!" Delbert aliita. "Taulo! Lete taulo!"

Nilileta. Nilileta sanduku la huduma ya kwanza, nikapiga magoti, nikasafisha, nikaanza kufunga. Damu hainitishi. Kilichonitisha kilikuwa nyuso zile. Niliinua macho nikaona wote wananitazama, na kila mmoja alikuwa ameshaimaliza hadithi kichwani: Tawnya anamwendesha mumewe hospitali, Tawnya anamkatia nyama, Tawnya anamfunga vifungo vya shati, maskini fundi mwenye mkono mmoja, nani angemwacha mtu katika hali hiyo? Kesho Coretta anafika, anaambiwa kilichotokea, anasema pole, anarudi peke yake. Niliuona msimu wote wa baridi. Nilihisi mlango ukifungwa, nikawa na hasira ya kutaka kumng'ata.

"Pole sana, kaka," Delbert alikuwa anasema. "Kimeteleza. Humtokea yeyote."

Opal alikuwa amekunja mikono, anamtazama Royce, na niliona kwamba na yeye ameona.

"Hakikuteleza," nikasema. Niliendelea kuzungusha bandeji, nikaibana vizuri, nikaifunga fundo. "Nimekuona, Royce."

"Inauma, Taw."

"Najua inauma. Nimekuona."

Aliinamisha kichwa. Delbert, aliyekuwa amemshika bega, akaondoa mkono wake.

"Ningefanya nini kingine?" Royce alisema.

Mtu mzima ameketi chini, magoti juu, anauliza swali lile kwa dhati, kama mtu aliyejaribu kila kifaa kilichomo kwenye kisanduku chake. Nilimhurumia. Na huruma ile ilikuwa nzito kuliko bastola, lakini nilikuwa nimeshajifunza asubuhi ile kwamba kitu kizito kinaweza kupokelewa na mtu mwingine. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake nikatoa funguo za pikapu, nikamwekea Delbert kiganjani.

"Wewe ni ndugu yake," nikasema. "Mpeleke akashonwe."

"Shemeji, atakuulizia njia nzima."

"Mwache aulize."

"Mungu wangu," Mzee Gaylon alisema, na mara hii hakuna aliyecheka.

Opal alikuwa keshavua fulana yake ya chungwa na kumtupia mtu mwingine. "Gari langu liko wazi," aliniambia. "Nakupeleka ukachukue vitu vyako, halafu popote utakaponiambia."

Tukaanza kutembea. Nyuma yetu Delbert alimwinua Royce, nikasikia buti zao zikiburutwa kwenye changarawe.

"Taw!"

Nikasimama.

"Hujaniuliza hata kitu kimoja kunihusu mimi," nikamwambia. "Umeuliza kama kuna mwanamume. Umeuliza nani ananisubiri. Hujauliza hata ni kazi gani."

Alinitazama. Uso ulikuwa mweupe kama karatasi, na niliona anajaribu, anajaribu kwa kweli.

"Ni kazi gani?" akauliza.

"Kwa daktari wa meno. Namsaidia. Nampa vifaa, namtayarisha mgonjwa kwenye kiti."

Royce aliitikia kwa kichwa pole pole, akifikiri. Delbert alikuwa anamvuta kuelekea pikapu, naye amekaza miguu. Macho yake yakapata uhai kidogo, macho yale yale niliyoyapenda nikiwa na miaka kumi na tisa.

"Viti vyao," alisema, "vinapanda kwa mafuta au kwa umeme?"

Nilikuwa najua jibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaingia kwenye gari la Opal, nikavuta mlango kwa mikono miwili, na Opal akawasha injini kabla sijalitamka.